Nafasi ya Scovia kwenye Barafu

Mdogo wangu Scovia alifariki Finlandi kwa ajali ya gari, wiki chache kabla ya mashindano ya kimataifa. Timu yake ya wasichana huteleza kwenye barafu kwa pamoja, wameshikana mikono. Walishindana bila kumweka mwingine mahali pake. Mama na mimi tuliwatazama kwenye simu, nyumbani Rumonge. Mstari ulipogeuka, katikati palikuwa wazi, na wasichana wawili wa kando walinyoosha mikono kama wanaomshika mtu.

"Ile nafasi iko ya nani?" mama aliuliza.

"Ya Scovia, mama. Wanamuheshimu."

"Mutu aliyekufa hawekewi nafasi. Wanamungoja."

Tangu hapo alikataa kuganduka, ile siku ya kumaliza msiba. Mjomba Zabroni alipokuja kuipanga, alionyeshwa video.

"Angalia vidole, kaka. Vimejikunja. Vinashika nini, hewa?"

Mjomba alitazama mara mbili, akaomba maji.

Mwaka huu timu imeweka msichana mwingine katikati. Nilimwonyesha mama, nikitumaini atakubali kuganduka.

"Mutoto muzuri," alisema. "Lakini Scovia iko nyuma yake."

Siku ya kuganduka haijapangwa.