Pale Peupe pa Ramani

Kama kuna mtu Kasongo nzima aliyejua kupima umbali wa maji, ni Ernestine. Miaka mitatu alifanya kazi na Papa Raphaël, mtafiti wa vijiji vya kale, na kazi yake ilikuwa hiyo: kila walipopata vigae vya vyungu au mavi ya chuma, yale makapi ya wafua chuma, yeye anaandika mahali hapo pana mteremko gani, udongo gani, na maji yako hatua ngapi. Kompyuta inakusanya hayo yote, inapaka ramani rangi. Pekundu, watu wa zamani huenda waliishi hapo; peupe, usijisumbue.

Basi mama yake, Mama Cécilia, alipolala kitandani kule Wamaza na kujua hainuki tena, aliomba kitu kimoja tu, udongo.

"Uniletee bulongo ya kaburi ya Malaika. Siku yangu ikifika, muniweke nayo."

Malaika alikuwa mdogo wake Ernestine, wa kike. Alikufa mwaka wa tisini na nane, ana miaka miwili, walipokuwa wanakimbia vita porini upande wa Lusangi. Ernestine mwenyewe alikuwa na miaka sita. Alichokumbuka ni kiu, na kifuniko cha sufuria ambacho mama alichimbia kaburi kwa kukosa jembe.

"Ni wapi, mama?"

"Kando ya kijito. Chini ya michikichi."

Ndivyo alivyosema siku zote. Kijito na michikichi! Ramani ingekupa mahali hapo bila kuulizwa mara mbili. Ernestine akachagua penye wekundu mkali karibu na njia waliyopita wakati wa vita, akapanda pikipiki ya binamu yake Chadrack, wakaenda. Kijito cha kwanza, vigae. Cha pili, vigae na mavi ya chuma. Cha tatu, mafiga ya watu waliokufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Papa Raphaël kwenye simu alishangilia kama aliyepata mapacha. Ernestine akakaa chini akalia kwa hasira. Wafu wa watu wengine wote wanajitokeza, wa kwake hapana!

"Papa Raphaël, ramani yako inanidanganya."

"Haidanganyi, mama. Inajua tu watu waliotaka kuishi mahali. Wanaokimbia haiwajui. Wewe niambie, wakati wa vita nani alikuwa kwenye vijito?"

Ernestine alijua. Askari ndio walikuwa kwenye vijito. Hata mwenye bunduki anakunywa maji. Aka! Miaka yote hiyo, tena yeye ndiye mpima maji, hakuwahi kujiuliza mama alifikaje kijitoni na watoto wawili.

Akafungua ramani tena, safari hii akaigeuza. Mbali na maji, mbali na njia, mbali na mashamba, lakini pasizidi mwendo wa nusu siku kutoka njiani kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kikabaki kilima kimoja tu, cheupe pe.

"Huko hata nyani wanapita haraka," Chadrack akasema alipokiona.

Waliacha pikipiki chini, wakapanda kwa miguu juu ya mawe matupu. Walitafuta saa mbili. Kisha Ernestine akaona kifuniko cha sufuria kimesimamishwa kati ya mawe mawili, ukingo wake umekunjika kwa kuchimba ardhi isiyochimbika. Rundo la mawe lililokuwa mbele yake halikuzidi urefu wa mkono wake. Akalala hapo kifudifudi, akamwita mdogo wake kwa jina, na Chadrack akageukia upande mwingine.

Alipoinuka alisimika jiwe kubwa mahali pa kifuniko, akachota udongo, akautia humo kifunikoni. Kisha kwa mazoea tu, wala hakutaka, akatazama ramani kwenye simu. Maji ya karibu: kilomita sita.

Kule Wamaza, Mama Cécilia alipakata kile kifuniko, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokunjika. Hakulia. Aliuliza neno moja.

"Maji iko karibu naye?"

Hapo Ernestine akaelewa. Siku zote mama alisema ni homa iliyomuua Malaika. Kumbe mtoto alikufa akiomba maji, na mama hakuwa na tone. Kile kijito mama alimchimbia mtoto wake kwa mdomo, kila mwaka, kila alipoulizwa. 

"Iko karibu, mama. Hatua kumi tu."

"Uliisikia?"

"Niliisikia. Inapita usiku na mchana."

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa imekwenda miaka ishirini na sita, na sasa walikuwa wanaitembea wawili.

Mama Cécilia alimgeukia binti yake.

"Unasema uongo sawa na mimi," akasema polepole. "Asante, mutoto wangu."

Midomo yake ilikuwa mikavu. Ernestine akamletea kikombe cha maji, akamwinua kichwa. Lakini mama alikichukua kile kikombe kwa mikono yake miwili, akakiinamisha juu ya ule udongo, kidogo kidogo, mpaka tone la mwisho.

"Kunywa, Malaika," akasema. "Kunywa, mama. Nilikawia."