Alama ya Tupa

Injini ile aliijenga mshonaji kwa mikono yake mwenyewe, na aliyeiiba ni mumewe. Ndiyo maana kwa miaka mitatu alishona sare za watoto wa watu huku meno yameumana.

Ilikuwa ya gari la Kijapani la zamani, bovu, aliloachiwa na baba yake na ambalo kuku walishaligeuza nyumba yao pale uani. Mchana alikanyaga cherehani, jioni alilala chini ya gari. Alijifunza kwa kufungua na kuharibu. Alipanua njia za hewa kwa msasa, akafunga kabureta mbili badala ya moja, akapima pistoni kwenye mizani ya jikoni na kuzikwangua mpaka zote nne zikalingana uzito. Mumewe alikuwa akipita na kikombe cha chai, akimtania kwamba siku hizi analala na fundi gereji. Spana hakuishika hata ya kumpokeza.

Kisha mama yake mshonaji akafariki, naye akakaa msibani siku tisa. Aliporudi alikuta boneti liko wazi na ndani mna shimo. Bwana alikuwa ameleta winchi, akaing'oa injini na kuhama nayo kama mtu anayehama na godoro lake. Talaka ilikuja baadaye kwa simu, na wala haikumuuma kama lile shimo.

Mwanamume huyo aliipachika kwenye gari lake la aina ile ile, na kila mwaka, kwenye mashindano ya kupanda kilima cha machimbo ya mawe, akawa anawalisha wenzake vumbi. Watu wakambandika jina la Injinia. Akiulizwa, alisema injini kaijenga peke yake, tena kwa shida, maana mke aliyekuwa naye hakumwelewa. Mshonaji aliletewa maneno hayo akiwa na pini mdomoni, nusura azimeze. Tangu hapo alitaka jambo moja tu: mtu huyo akiri, mbele ya watu wale wale, kwamba injini si kazi yake.

Nafasi aliileta Injinia mwenyewe. Siku tatu kabla ya mashindano alisimama mlangoni pa kibanda cha cherehani, mpole kama mgeni. Alizunguka weee, mara hali yako, mara naona kazi inakwenda vizuri, ndipo akafika. Alikuwa amebadilisha mwenyewe mkanda wa taiming, ule unaopanga wakati wa injini kuwaka, kwa sababu mtu anayeitwa Injinia angewaombaje mafundi msaada? Sasa injini ilikuwa haitulii.

"Kwenye puli ya mbele kuna alama mbili," alisema. "Nafuata ipi?"

Mshonaji alisimamisha cherehani. Puli ile, gurudumu la kuzungushia mkanda mbele ya injini, ilikuwa na mpira ndani, na mpira ulikuwa umelegea kwa uzee, alama ya kiwandani ikahama. Ndiyo maana wakati wa kuijenga aliingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu la plagi, akatafuta mahali pistoni inapofika juu kabisa, kisha akakata alama ya kweli kwa tupa. Anayefuata ile ya kiwandani, cheche humwakia kabla ya wakati, na pistoni hupigwa ikiwa bado inapanda.

Aliyeijenga asingeuliza. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Fuata ya kiwandani," alimjibu, akaanza kukanyaga tena. "Hiyo nyingine ni mkwaruzo tu."

Injinia akashukuru, akaenda zake mbio.

Siku ya mashindano mshonaji alifunga kibanda, akasimama kwenye kona ya pili. Gari lilipopita watu walishangilia, lakini yeye alisikia injini inagonga, sauti ya misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Mkono wake uliinuka wenyewe kulisimamisha gari. Akaushusha, akauficha mfukoni.

Kwenye kona ya tatu kitu kilipasuka, moshi ukafunga njia, na gari likarudi nyuma taratibu likimwaga oili. Watu waliteremka kwa vicheko. Dereva wa lori, msimamizi wa mashindano ambaye naye hushindana, alimuuliza Injinia ameifanyaje injini yake.

"Msinilaumu mimi," Injinia alifoka, jasho linamtoka. "Hii sikuijenga mimi. Aliijenga yule mshonaji, mke niliyemwacha."

Mtu mmoja akacheka na kilima kizima kikamfuata. Mshonaji alijipenyeza mpaka mbele.

"Ni kweli," alisema. "Mmesikia wote. Sasa irudi kwangu."

Dereva wa lori, aliyekula vumbi miaka mitatu, alimpelekea mshonaji kesho yake kwa winchi yake mwenyewe. Jina la Injinia nalo likahama pamoja na injini.

Mshonaji alipoifungua alikuta pistoni ya tatu ina tundu la kupitisha kidole. Aliikumbuka: ndiyo iliyomsumbua sana kwenye mizani, wiki nzima akiikwangua. Kwa yule bwana hakujuta hata chembe, na angemdanganya tena kesho. Alikaa kwenye kigoda, pistoni mapajani, akaifuta masizi kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Nisamehe," aliiambia.