Daraja la Gustave

Hugues, kinyozi wa Jules Street, mtaani Malvern, alilichukia daraja ambalo hakuwahi kulitia machoni. Lilikuwa ng'ambo, mashambani Uingereza, refu, la matofali, la enzi za Malkia Viktoria. Matao yake yalivuka bonde zima, lakini treni ziliacha kupita zamani. Reli ziling'olewa, nyasi zikaota juu. Picha zake ziliingia kwenye simu ya mkewe, Ariane, karibu kila wiki. Mtumaji alikuwa Gustave, aliyesoma naye chuo kule Bujumbura kabla machafuko hayajawatawanya. Sasa Gustave ni mhandisi, mmoja wa wanaolikarabati.

Ariane akizipokea picha hizo, huzikuza kwa vidole na kutabasamu peke yake, hata sufuria iungue. Wivu ulimla Hugues mpaka nusura amkate mteja sikio.

Jumamosi moja mchana alifunga duka lake la kunyolea, akaenda nyumbani. Akamkuta Ariane ameinamia simu.

"Mama Chloé, niambie ukweli. Bado unampenda?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Huyo wa daraja!"

Ariane alianza kucheka, lakini cheko likamkatikia njiani na macho yakajaa machozi.

"Simpendi, Baba Chloé. Namwonea wivu. Chuoni mimi ndiye niliyekuwa namwelekeza hesabu za matao. Leo yeye anayagusa matofali yale kwa mkono wake, mimi nasuka watu nywele huku Malvern."

Hugues alijua mkewe aliacha masomo, kama watu wengi walivyoacha nyumba na mashamba. Hakuwahi kumuuliza alikuwa akisomea nini hasa.

Akavuta kiti. "Haya, nieleze. Linasimamaje bila kuporomoka?"

Ariane alijifuta uso, akakutanisha ncha za vidole vya mikono yake miwili. "Sukuma hapa juu. Umeona? Uzito unashuka pembeni, unaingia kwenye nguzo."

Aliendelea kueleza mpaka chai ikapoa, sauti yake ikichangamka kwa namna ambayo Hugues hakuwahi kuisikia. Alifurahi kumwona hivyo. Lakini nusu ya maneno ilimpita, na moyoni akajua kwamba Gustave angeelewa mara moja. Wivu ule haukumtoka.

"Rudia hapo kwenye nguzo," akasema.

Ariane akakutanisha vidole upya.