Digrii Kumi na Saba

Ramani ilikuwa imegeuzwa upande usio sahihi, na shemeji yake alishaingia shimoni na sururu.

Mchora ramani aligundua saa tatu asubuhi, chai bado inatoa moshi. Aliilaza ramani ya kiwanda juu ya picha ya angani, akaona tangi la maji limesimama katikati ya barabara. Ili ielekee kaskazini, ramani ilitakiwa izungushwe digrii kumi na saba kwenda kulia. Dira huhesabu kwenda kulia, lakini programu yake huhesabu kwenda kushoto. Ukitaka kulia, unatanguliza alama ya kutoa. Jana, roho ikiwa nyumbani, aliandika kumi na saba kavukavu, akatuma bila kuhakiki.

Akapiga hesabu. Kosa lilikuwa digrii thelathini na nne. Wanapochimba ni mita ishirini kutoka kona ya ghala, ambayo ndiyo aliyoizungushia ramani. Hapo kila kitu kimehama karibu mita kumi na mbili. Ramani ilisema pale ni udongo mtupu. Kumbe ndipo kebo kubwa ya umeme ilipopita.

Alipiga simu mara tano. Shemeji akiwa kazini huiacha simu kwenye koti. Akatoka mbio na viatu vyake vya ofisini, kichwani anamwona dada yake tu. Dada ndiye aliyemwomba amtafutie mumewe kibarua hiki.

Alimkuta shimoni, shimo limemfika kiunoni, anacheka.

"Leo bwana kompyuta umekuja kutoka jasho? Chukua koleo."

"Shemeji, usipige. Toka humo."

"Si ramani yako mwenyewe inasema hapa peupe?"

"Nimekosea. Toka, nakuomba."

Kicheko kikamkauka shemeji. Lakini sururu ilishapanda juu. Akajaribu kuizuia hewani, ikamponyoka, ikatua pembeni ya mguu wake, juu ya kebo. Mlio wenyewe ulikuwa kama wa kofi. Mwanga ndio uliowaangusha wote wawili.

Shemeji hakufa. Vilikwenda vidole vitatu vya mkono wa kulia na jicho moja, na wiki saba za kitanda cha hospitali. Na dada, aliyemwita mchora ramani kaka tangu alipojua kusema, sasa akimtaja kwa watu humwita yule wa ramani.