Kulala Bure Jangwani

Selestini alitoka ziwani Jumanne asubuhi, wakati mke wake anageuza dagaa. Klementina alikuwa ameweka chanja zake kwenye uwanja wa mpira wa shule ya Rusigo, nyuma ya goli, kwa sababu mwalo wote, kule mitumbwi inakotia nanga, ulikuwa chini ya maji na hakukuwa na mahali pengine pa kuanikia. Alimwona mumewe anapita pembeni ya uwanja, kavaa suti ile ile waliyomzikia, kabeba kifuniko cha jeneza begani, maji yanamchuruzika. Akamsalimia, "Mwakeye." Selestini akaitikia, kisha akasema dagaa wa upande ule hawajakauka, wageuzwe tena. Kufa kote kule hakukumtoa tabia ya kusimamia kazi za wenzake.

"Unakwenda wapi?" Klementina akamuuliza.

"Jangwani. Makaburini hapakaliki, maji yamejaa."

Hilo lilikuwa kweli. Ziwa lilipanda masika ile Selestini aliyokufa, likapanda na iliyofuata, likachukua nyumba za mbele, likaja kwenye za katikati, halafu likageukia makaburi. Waliokuwa na nyumba za mbele walikimbilia kwa ndugu Ilagala na Kigoma mjini. Wasio na ndugu, akina Klementina, walihamia madarasani. Yeye, watoto wake watatu na mama mkwe wake Agnesi walilala darasa la nne, chini ya ubao ulioandikwa majina ya mito mikubwa ya Afrika. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Jumatatu inayofuata ingefunguliwa, na mwalimu mkuu alishapita mara mbili kuwakumbusha, kwa aibu, macho kayaelekeza dirishani.

Mahali pakavu palikuwepo. Kusini ya kijiji kuna kiwanja kipana cha changarawe, kimeinuka juu ya ziwa, hakioti hata mbigili. Ndiyo maana pakaitwa Jangwani. Zamani hakuna aliyepataka, na Bi Catherine wa Kigoma mjini alipopaomba, wazee wa kijiji walimpa huku wanacheka. Akazungusha waya, akapatangaza kwenye simu za Wazungu kwamba kuna jangwa kando ya ziwa, hakuna mtu, hakuna kelele, njoo na hema lako. Getini akaweka kibao: WAGENI KULALA BURE. WENYEJI HAIRUHUSIWI. Bia, kuni na mtumbwi wa kutembelea ndivyo vilivyokuwa na bei. Wageni walikuja kweli, na magari yenye hema juu ya paa, wakakaa wiki nzima wanatazama maji yale yale yaliyokuwa yanakula kijiji.

Mlinzi wa geti alikuwa Erasto, mdogo wake Selestini, mtoto wa mwisho wa Agnesi. Alikuwa na kibanda chenye kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, na onyo kwamba akilaza ndugu humo ataondoka yeye na ndugu. Kaka yake alipofika getini na ule ubao begani, Erasto alimpa shikamoo, kisha akafanya kazi yake.

"Kaka, wewe ni mgeni au mwenyeji?"

"Nilikuwa mwenyeji."

"Kwa sasa unakaa wapi?"

Selestini akaonyesha ziwani kwa kidevu.

Erasto akafikiri kidogo. Nyumba hana, jina lake lilishafutwa kwa mtendaji, na huko alikotoka ni mbali. "Basi wewe ni mgeni," akasema. "Pita. Choo kiko kule."

Siku zilizofuata walikuja wengine. Mzee Nasri, fundi mitumbwi, alifika na sanda yake, akaitandaza juu ya makasia mawili, ikawa hema zuri kuliko yote. Alikuja Rozalia aliyekuwa anaongoza kwaya, wakaja watoto wachanga ambao hawakuwahi kupewa majina, Rozalia akawachukua kwake. Mzungu mmoja mama mtu mzima alimwazima Selestini vigingi na kamba, akasema majirani hawa ni watulivu, hawapigi muziki. Bi Catherine alipopigiwa simu na kuelezwa, aliuliza kama wananunua bia. Erasto akasema hawanunui, ila hawachafui. Bi Catherine akaruhusu.

Alhamisi Klementina alikwenda Jangwani. Hakwenda kwa mapenzi, alikwenda kwa hasira, na hasira yenyewe alikuwa ameitunza tangu mwaka ule walipojenga. Alisimama nje ya waya, mumewe akaja akasimama ndani.

"Nilikwambia tusijenge karibu na maji," akasema.

"Uliniambia."

"Ukasema mwanamke hajui ziwa."

"Nilisema."

"Sasa Jumatatu shule inafunguliwa. Mama yako ana kifua, watoto wanakohoa. Unalala hapa kwenye upepo mzuri, sisi twende wapi, Selestini? Twende wapi?"

Selestini aliangalia viatu vyake vya kuzikiwa. Alisema angewakaribisha, nafasi ipo tele, ila mwenye geti ni Erasto na kibao wamekiona. Klementina akatema mate chini, akamfuata shemeji yake kibandani. Erasto alikuwa anachemsha muhogo. Alimkatia kipande, akamwambia bila kumtazama, "Shemeji, nikifukuzwa hapa, hata huo muhogo mnaoletewa hamtauona." Hilo nalo lilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyekuwa anawalisha.

Aliyepata njia ni Agnesi. Jioni ile, amekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la nne, alimwuliza mkwewe, "Hivi matanga ya Selestini tuliyaanua?"

Klementina akakumbuka. Hawakuyaanua. Siku ya tatu ya msiba, sufuria la wali liko jikoni, maji yaliingia uani, yakabeba mafiga, waombolezaji wakakimbilia kuokoa nyavu zao. Wali ule ulikwenda na maji. Hakuna aliyekula, hakuna aliyenawa, hakuna aliyeaga. Na Rusigo, Mkristo na Mwislamu, jambo hili ni moja: mfiwa ambaye hajala wali wa kuanua matanga bado yuko msibani, na mtu aliye msibani haondolewi kwenye mkeka wake, awe na deni, awe na kesi. Hata polisi wa Ilagala wanalijua hilo, husubiri barabarani.

"Na matanga hulaliwa wapi?" Agnesi akauliza tena.

"Kwa marehemu."

"Na marehemu yuko wapi?"

Ijumaa asubuhi walibeba mikeka, sufuria na turubai, wakaenda Jangwani, Agnesi mbele kafunga kanga kichwani kama siku ya mazishi. Getini akaanza kulia. Hakuwa anaigiza. Alikuwa na machozi ya miaka miwili ambayo maji yalimkatiza katikati. Erasto alipomwona mama yake analia hivyo, alivuta komeo. Alifungua geti, na kabla hawajamaliza kutandika alishawaletea kuni, tena zile za kuuza.

Wakalala matanga pembeni ya kifuniko cha jeneza. Selestini alikaa nao, akaitikia nyimbo, mahali pa kumtaja marehemu akainamisha kichwa. Changarawe ilikuwa kavu. Kifua cha Agnesi kilianza kufunguka. Yunisi, binti mkubwa wa Klementina, alilala usiku kucha bila kukohoa, na mama yake aliamka akamtazama, akajiona ana furaha, jamani, furaha ya wazi kabisa, msibani. Kufikia Jumapili familia nyingine zilishakumbuka kwamba nazo hazikuanua. Jangwani kukawa na moshi wa kupikia, mbuzi, na nguo zimeanikwa kwenye waya. Jumatatu shule ikafunguliwa bila taabu, mwalimu mkuu akaja mwenyewe kutoa pole.

Bi Catherine alikuja Jumatano. Watu walijiandaa kwa maneno, wengine walishaokota mawe. Yeye akavua viatu getini, akajitanda kanga, akapita mkeka kwa mkeka anawapa wafiwa mikono. Alimkumbatia Agnesi akalia naye kwa muda mrefu. Baadaye alikaa mkekani, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, kumbe marehemu hawa wote hawajaanuliwa matanga?"

"Hawajaanuliwa, mwanangu."

"Kwa kukosa nini?"

Hapo Agnesi alielewa. Alifumba mdomo. Lakini mwanaume mmoja wa mkeka wa jirani, hamnazo, akadakia, "Kwa kukosa chakula tu, dada. Hali zetu unaziona."

"Basi msiwe na wasiwasi," alisema Bi Catherine. "Hilo niachieni mimi."

Kesho yake gari lilileta ng'ombe, magunia ya mchele na madumu ya mawese. Lilileta padre na shehe, kila mmoja kwenye kiti chake cha mbele. Wapishi walitoka Katonga. Kuanzia asubuhi harufu ya pilau ilitembea Jangwani kote, na watu ambao tangu masika walikuwa wanakula muhogo na chumvi walikaa kwenye mikeka yao wameshika magoti, wanajua kabisa kinachopikwa pale. Wengine walisema hawatakula. Walisema hivyo hadi sinia la kwanza lilipotua.

Padre alisali, shehe akasoma dua, Mzee Nasri akaitikia amina kutoka chini ya sanda yake. Watoto walikula kwanza. Klementina aliwatazama watoto wake wanavyosukuma nyama mdomoni kwa vidole vitano, mafuta yanashuka hadi viwikoni, akashindwa kunyoosha mkono kuwazuia. Ni mama gani angewazuia? Naye akala. Alikula kwa hasira na alishiba, na aliona haya kwamba pilau lilikuwa tamu. Agnesi peke yake aligeuza uso.

"Bibi, kula," Yunisi alimwambia.

"Mimi bado niko msibani," alisema Agnesi.

Baada ya chakula watu walinawa mikono. Mkononi mwa aliyenawa hakuna cha kubishania, kila mmoja alilijua hilo tangu utotoni. Walikunja mikeka wenyewe. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyetukanwa, na Bi Catherine alisimama getini anawaaga mmoja mmoja, anawapa watoto ndizi. Agnesi alibaki kwenye mkeka wake hadi jua lilipokwenda upande wa Kongo. Kisha mkeka ulikuwa mmoja tu katika kiwanja kizima, na mtu mmoja hawezi kuwa matanga. Erasto akaja akamwinua mama yake kwa kumshika kwapani. Wafu walibaki. Wao walikuwa wageni.

Darasa la nne lilikuwa na wanafunzi. Klementina alifunga turubai chini ya chanja za dagaa, nyuma ya goli, familia ikalala hapo, maji ya samaki yanawadondokea. Kifua cha Agnesi kilifunga tena. Siku chache baadaye alimwambia mkwewe kwamba amechoka na mambo haya, akamwomba maji, akanywa nusu, nusu akamrudishia Yunisi. Alikufa kabla ya saa sita mchana.

Walimzika kilimani, kwenye mawe, mahali ambapo maji hayafiki. Jioni ile ile alijikung'uta vumbi, akabeba mkeka wake, akateremka hadi Jangwani. Erasto alikuwa getini. Macho yake yalikuwa mekundu tangu mazishini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niulize."

"Usinifanyie hivyo."

"Niulize, mwanangu, ndiyo kazi yako."

Erasto akamwuliza kama ni mgeni au mwenyeji. Agnesi akasema ni mgeni. Akafunguliwa, akapewa nafasi kavu kabisa karibu na Selestini, na yule Mzungu mama mtu mzima alimletea chai.

Klementina hakupoteza muda kulia. Alikusanya watoto na mikeka, akaenda Jangwani, kwa kuwa sasa ana msiba mpya, wa haki, wali wake haujapikwa. Erasto alimpokea getini, akasogea pembeni ili aone kibao. Mstari wa tatu ulikuwa umeongezwa, rangi bado inanukia: MATANGA YAFANYIKE NYUMBANI KWA MAREHEMU.

"Nyumbani kwa marehemu," Klementina akasoma kwa sauti.

"Ndivyo alivyosema, shemeji. Anasema hiyo ndiyo mila, na ni kweli ndiyo mila."

Ng'ambo ya waya Agnesi alikuwa anawatazama. Alinyoosha mikono kuwapokea watoto, kisha akaishusha. Selestini safari hii hakuwa na la kusimamia.

Basi Klementina alikwenda nyumbani kwa marehemu, ile nyumba ya karibu na maji walimoishi wote. Maji yalikuwa ya magotini sebuleni na ya mapajani chumbani. Alimpandisha mtoto mdogo mgongoni, wale wakubwa akawakalisha dirishani, mikeka akaitundika juu ya boriti, maana mahali pa kuitandika hapakuwepo. Halafu akaanza wimbo wa msiba. Kijiji kilisikia. Watu walikuja kutoa pole, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Wakavua viatu mlangoni kama kawaida, wakaingia majini. Erasto aliomba ruhusa ya saa moja, akaja na yeye, akasimama na wanaume karibu na ukuta hadi saa yake ilipokwisha.