Siku Arobaini na Tisa za Enesi

Enesi alifika Tunduma Jumanne saa kumi jioni, mkononi ana kilo mbili za unga wa ulezi ndani ya mfuko wa rambo, upindo wa kitenge chake ukichuruza maji. Alikuwa amefariki miaka ishirini na minne iliyopita. Alipiga hodi, akasubiri kukaribishwa, akavua kandambili mlangoni.

"Nimesikia Ruti amejifungua," alisema. "Nimekuja kumhudumia."

Mama Nikodemo, mama mkwe wa Ruti, alikuwa anachambua maharage. Alimtazama mgeni: msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, nywele za mistari minne. Aliwahi kuiona picha yake ukutani kule Ikinga, kijijini kwa akina Ruti, siku walipopeleka barua ya posa. Nywele zilikuwa zilezile na kitenge kilekile. Uzazi wa kwanza, mama mzazi ndiye anayemkanda binti yake, na Mama Nikodemo hakuwa mtu wa kubishana na mila.

"Karibu, mkwe," alisema, ingawa mgeni alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wake. "Ila kalia gunia hilo. Sakafu ikilowa inateleza."

Ruti alikuwa kitandani na mtoto wa siku tatu, Brayan. Enesi aliingia, akamgusa mtoto kisigino, kisha akamgeukia binti yake.

"Umelala?" aliuliza.

"Nimelala, mama."

"Mimi pia nilikuwa nikijibu hivyohivyo," Enesi alisema, akaenda kubandika maji.

Nikodemo, mume wa Ruti, alikuwa akiziba pancha za malori kwenye foleni ya kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Aliporudi, alimkuta mama mkwe wake wa miaka kumi na tisa anakoroga uji. "Shikamoo, mama," alisema. "Marahaba, mwanangu," Enesi alijibu. Nikodemo akamwangalia mtoto, akasema amenenepa, akaenda kuoga.

Tangu hapo Enesi alikuja kila siku na Noah ya abiria ya kwanza kutoka Isongole na kurudi na ya mwisho. Kondakta alimweka kiti cha dirishani kwa sababu ya yale maji. Alimkanda Ruti kwa maji ya moto, alifua nepi, alimpikia uji wa ulezi na kukaa mpaka kikombe kiishe. Wageni nao walikuja. Akina mama wa kanisani walileta sabuni na sukari, wakaimba pambio mbili, wakamsifu mtoto kwa paji la uso. Walimsalimia Enesi pia, na mmoja aliyetokea Ikinga akamwambia hajabadilika.

Siku ya kumi na sita tangu Brayan azaliwe, Ruti alisema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Mama, nikimshika naona kama nimeachiwa mtoto wa jirani. Nangoja mwenyewe aje kumchukua."

Enesi hakusema ashukuru Mungu. Hakusema wapo wanaotafuta mtoto na hawapati. Aliacha kukanda, akauliza, "Ni asubuhi zaidi au jioni?"

"Asubuhi."

"Kwangu ilikuwa jioni. Nilikuwa nikiona watu wanarudi mashambani, nasema moyoni, hawa wote wanajua wanakorudi."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia baba yako kichwa kinauma. Akaninunulia panadol."

Ruti alikuwa amekua akijua mama yake alikufa kwa malaria. Bibi yake aliyemlea alisema hivyo, na kwenye fomu za shule iliandikwa hivyo. Alitazama kitenge kinachochuruza, na gunia lililoloa, na hakuuliza malaria gani hiyo inayolowesha nguo.

Kesho yake alimpigia simu baba yake, mzee Jonasi, aliyekuwa bado Ikinga na mke mwingine.

"Baba, mama yuko huku kwangu. Anasema hakuwa na malaria."

Upande wa pili jogoo aliwika.

"Amezeeka?" Jonasi aliuliza.

"Hapana, baba. Ana miaka kumi na tisa."

"Eeh." Alikohoa. "Alikuwa akikaa tu, Ruti. Nikirudi shambani namkuta alivyokaa asubuhi. Nikadhani ni uvivu wa uzazi. Siku hiyo alikuacha kwa bibi yako, akasema anateremka mtoni Songwe kufua. Nguo zilikutwa zimekunjwa, kavu." Alishusha sauti. "Mchungaji angekataa kumzika. Tukasema malaria."

"Nilikuwa na siku ngapi?"

"Wiki saba kamili. Mtoto hajambo lakini?"

"Hajambo," Ruti alisema, na simu ikakatika au ikakatwa.

Siku ya kliniki walikwenda wote watatu. Ilikuwa foleni ndefu ya akina mama, na mmoja akamwomba Enesi asogee kidogo asimloweshee kadi. Muuguzi alimtundika Brayan kwenye mzani, akaandika, akasema mtoto anaongezeka vizuri sana.

"Kuna tatizo lolote, mama?"

"Silali," Ruti alisema. "Hata mtoto akilala, silali."

"Maziwa yanatoka?"

"Yanatoka."

"Basi mtoto akilala na wewe lala. Anayefuata!"

"Hajamaliza," Enesi alisema.

Muuguzi alimtazama, akaangalia kadi. Alikuwa na akina mama arobaini benchini na mwenzake yuko likizo. "Dada, kadi hii ni ya mtoto," alisema bila ukali, akagonga mhuri.

Walirudi kwa miguu kando ya barabara kuu. Malori yalikuwa yameanza kusogea, marefu, yenye tela mbili, na vumbi lilikuwa jingi. Ruti alisimama ukingoni akayatazama. Lilipita moja, likapita la pili, na hakuonekana kungoja nafasi ya kuvuka. Enesi alimhamisha Brayan mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akamshika binti yake kiwiko. Mkono ulikuwa wa baridi na ulishika kwa nguvu.

"Siyo hapa," alisema. "Wala popote. Mimi nilidhani kutakuwa kimya kule. Hakuna kimya. Nilikusikia ukilia miaka yote."

Walisimama hivyo mpaka foleni iliposimama tena, wakavuka.

Siku ya arobaini na tisa Enesi alimwogesha mtoto, akamfunga nepi, akamrudisha mikononi mwa Ruti.

"Nilichokuwa najua kimeishia hapa," alisema. "Ya mbele sijawahi kuyaona."

Hata hivyo siku ya hamsini alikuja. Alikaa juu ya gunia lake, mikono mapajani kama mgeni. Ruti alikuwa anambadilisha mtoto nepi. Brayan alimkazia macho mama yake muda mrefu, kisha akafungua mdomo usio na meno, uso wote ukakunjuka.

Enesi alisimama. "Amefanya nini hapo?"

"Amecheka, mama."

"Wanacheka?"

"Wanacheka."

"Na wewe ulicheka?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Enesi alisogea karibu, akainama juu ya mtoto, akangoja. Brayan alipiga chafya, akalala. Mama Nikodemo, aliyekuwa amesikia, alitoka kuwaambia majirani kuwa mjukuu amecheka, na majirani wakaja kumpongeza mtoto wakajaa chumbani. Enesi alisukumwa taratibu mpaka kwenye kizingiti. Alikaa hapo hadi saa ya Noah ya mwisho. Mtoto hakucheka tena siku hiyo.

"Kesho utaniambia wewe," alimwambia Ruti, akavaa kandambili.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Gunia lilikauka, Mama Nikodemo akalitia mahindi.

Ruti bado alikuwa halali. Lakini kila jioni alikaa na mtoto mlangoni, uso ameuelekeza upande wa Ileje, alikokuwa akitokea mama yake, akasema kwa sauti mambo ya siku: leo ameshika kidole changu, leo amegeuza shingo akiitwa, leo asubuhi ilikuwa nzito sana, mama, sikutoka kitandani mpaka saa nne. Mama Nikodemo alimwambia mwanawe kuwa mkewe anaongea peke yake.

"Mtoto anaendeleaje?" Nikodemo aliuliza.

"Mtoto hajambo," mama yake alisema, na wakaendelea kula.