Hatunaye Tena

Barua ilifika Umwe siku ya Alhamisi. Mwanamina binti Seleman hakuwa mtu wa kuogopa karatasi. Mwenyewe ndiye aliyeiandikia kampuni ya boriti, kwa mkono wa Huseni mwenye duka, kuuliza habari za mwanawe Bashiru, aliyekwenda kukata mikoko visiwani akakaa kimya miezi mitatu. Majibu yalikuwa yamepigwa chapa. Jina la Bashiru tu ndilo lililoandikwa kwa wino.

Huseni akasoma kimya, kisha kwa sauti: "Barua yako tumeipata. Tunasikitika kukuarifu kwamba Bashiru Abdala hatunaye tena."

Lo! Nani wa pwani asiyejua maana ya kuambiwa mtu hatunaye? Kilio kikapasua kijiji. Zena, mke wa Bashiru, akavuliwa bangili, akaingizwa eda. Matanga yakawekwa, na Jumamosi khitima ikasomwa.

Lakini moyo wa Mwanamina ulikataa kutulia. "Haikusema kafa kwa nini wala kazikwa wapi," alimwambia Huseni. "Hata kuku wangu akifa naonyeshwa manyoya."

"Dada Mwanamina, ngoja kwanza matanga yaanuliwe."

"Anueni nyinyi."

Jumatatu akapanda lori la mpunga, akashuka Kibiti penye ofisi ya kampuni. Karani aliitwa Sadala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu mmemzika wapi?"

Sadala akaigeuza ile karatasi. "Hii ni namba nne, mama. Ya walioachishwa kazi. Waliokufa wana yao, namba tano."

"Inasemaje hiyo tano?"

"Amefariki dunia."

Mwanamina akashika ukingo wa meza. "Na hili 'hatunaye tena' kalitunga nani?"

"Mzungu alisema kwa Kiingereza, mimi nikageuza. Maana yake hayumo tena kazini."

"Wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa Kibiti."

"Kwenu mtu akifa husemwaje?"

Sadala akainamisha kichwa. "Barua ni nyingi, mama. Nilitaka maneno mafupi, yaenee kwenye mstari."

"Yameenea. Haya, fungua daftari."

Daftari lilisema Bashiru alijikata mguu kwa shoka, mguu ukavimba, akafutwa kazi. Hakuna aliyeandika kwamba ameondoka kambini.

"Kwa hiyo yu hai?"

"Namba nne, mama. Hai."

Mwanamina akatoka mbio hadi kwa dereva wa lile lori, aliyekuwa akijiandaa kurudi. "Pita kwangu, mwambie Zena atoke ndani. Mumewe mzima!" Yeye akadandia lori la boriti mpaka Nyamisati, na kesho yake asubuhi mtumbwi ukamvusha hadi kambini.

Aliyempokea ni Tabu, mpishi wa wakata mikoko. Aliposikia jina la Bashiru aliweka mwiko chini.

"Umechelewa, dada yangu. Tumemzika Jumamosi."

"Alikata roho lini?"

"Jumamosi hiyo hiyo, alfajiri. Kila siku akiuliza kama kuna mtu wa kwao kafika. Tukimtuliza, tukimwambia ofisi imewaandikia, watakuja kukuchukua."

Alhamisi usiku na Ijumaa kutwa. Umwe nzima ilikuwa imekaa mikekani, ikimlilia mtu anayepumua, naye akiwa kwenye jamvi hapa, anatazama njia ya maji. Hakuna aliyefunga safari, maana nani humfuata maiti aliyekwisha zikwa?

Mwanamina alitafuta machozi, hakuyapata. Aliyamaliza siku ile ya barua.

"Nani alimwosha?"

"Nassibu na wakata mikoko wenzake. Kwa maji baridi ya kunywa, si haya ya chumvi."

"Mungu awalipe. Nionyeshe kaburi, halafu mwambie mwenye mtumbwi asiende mbali. Narudi sasa hivi. Zena keshaambiwa mumewe yu hai, huenda ameanza kumpikia."